Ndoo ya Nini?

Swali hilo niliandika mimi mwenyewe, pembeni mwa ukurasa wa 112, kwenye mswada wa kumbukumbu za maisha za mzee mmoja wa Tanga. Katika ukurasa huo mama yake anamsindikiza hadi kivuko cha Likoni, Mombasa, na wakati wa kuagana anamwambia: "Ndoo hima, baba." Nikarudi nyuma kurasa mbili, nikaenda mbele kurasa mbili. Hakuna kisima, hakuna anayefua, hakuna aliyebeba maji. Nikapaka rangi ya njano na kuandika: "Ndoo ya nini? Haijatajwa kabla. Fafanua au ondoa."

Nikaendelea na kazi, tena nikiwa nimeridhika. Mhariri akikamata kitu kama hicho hujisikia fundi kweli.

Kabla sijaeleza aibu iliyofuata, niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana watu wengi wakisikia "mhariri wa vitabu wa kujitegemea" hudhani ni mtu anayekaa kwenye mgahawa wenye kiyoyozi akinywa kahawa na kusoma riwaya. Mimi nilikuwa mwandishi wa habari. Gazeti lilipopunguza watu, na mimi nilipungua nao. Nikabaki na kompyuta mpakato, kamusi mbili na namba za simu za watu waliowahi kuniambia, "Dada, siku moja utanisaidia kupitia kitabu changu." Siku hiyo ikawa imefika kwa lazima.

Neno "kupitia" ndilo linaloniua. "Nipitie tu juu juu, dada, kimeshakamilika." Hakuna kitabu kilichoniletwa kwa maneno hayo ambacho kilikuwa kimekamilika. Kupitia juu juu maana yake ni kusoma kila sentensi mara tatu: mara ya kwanza kujua mtu anasema nini, mara ya pili kuona kama amelisema, mara ya tatu kukamata herufi. Halafu kuna prufu, yaani kurasa zikiwa zimeshapangwa kama zitakavyochapwa, na hapo unaanza upya. Programu ya kupanga kurasa ikiwa imewekwa kwa kanuni za Kiingereza, hukata maneno mwishoni mwa mstari inavyotaka yenyewe. Unakuta "wan-" huku juu na "anchi" kule chini, wakati silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu na kila mtoto wa darasa la pili anajua ni wa-na-nchi. Na kwenye kompyuta yangu kila neno la Kiswahili lina mstari mwekundu chini yake. Kwa mashine hiyo, lugha yetu nzima ni kosa moja refu. Kwa hiyo msaada wa mashine hakuna, ni macho yako tu.

Makosa yenyewe baada ya muda unayazoea kama majirani. Masaa badala ya saa. Madawa badala ya dawa. Nae badala ya naye. Ambae. Mara nyingi iliyoandikwa neno moja. H iliyotoroka kwenye "hapa" ikaenda kukaa kwenye "ivyo" ya mtu mwingine. Na halafu kuna l na r.

Hapa lazima nikiri kitu. Mimi ni Mkurya, nimekulia Tarime, na kwetu l ikifika mdomoni hugeuka r. Mama yangu mpaka leo akipiga simu huuliza kama nimepata chakura. Nilipofika Dar es Salaam kusoma chuo, nilichekwa. Si kwa ubaya sana, lakini kila siku. Nikajifundisha. Nilikuwa nakaa bafuni nasema "kulala, kulala, kulala" mpaka ulimi ukatii. Baadaye kwenye chumba cha habari nikawa mtu wa kukamata l na r za wenzangu, na sikuwa na huruma. Nadhani wengi tunaosimamia usanifu kwa ukali ni watu ambao usanifu uliwahi kutuchapa.

Sasa sikiliza ilivyonirudia. Moja ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa kitabu cha diwani mstaafu, habari za siasa za kata yake. Kila mahali aliandika "kupiga kula", "kuhesabu kula", "walituibia kula". Nilikirekebisha nikisoma, lakini nikahofia kuna nilizoziruka. Usiku wa mwisho, saa nane, faili likisubiriwa kiwandani asubuhi, nikafanya kile ambacho hakuna mhariri anapaswa kufanya usiku wa mwisho. Nikaiambia kompyuta: tafuta "kula", weka "kura", badilisha zote. Ikaniambia imebadilisha sehemu mia mbili na kitu. Nikafurahi, nikatuma, nikalala.

Nakala 200 zikachapwa. Diwani akafungua kitabu chake mbele ya wageni na kusoma kwa sauti kwamba baada ya mkutano wananchi walipewa chakura. Ukurasa uliofuata, wajumbe walirudi nyumbani kurala. Mpinzani wake alilazimika kurazwa hospitali. Alikuwa mtu wa Pwani, diwani yule, hana hata shangazi Tarime, na mimi nilikuwa nimekifanya kitabu chake chote kizungumze kama mama yangu.

Nilirudisha malipo yote na kuchangia uchapaji wa pili. Miezi miwili nililipa kodi ya nyumba kwa kukopa. Nilichojifunza hapo nilidhani ni kanuni ya kiufundi: usibadilishe zote, usibadilishe usiku, na ukishabadilisha lazima usome tena. Kanuni hizo ni sahihi, na ninazifuata mpaka leo. Lakini somo lenyewe lilikuwa bado linakuja, na lilikuja kwa simu kutoka Tanga.

Yule mzee alikuwa karani wa reli. Baba yake mtu wa Tanga, mama yake mtu wa Mombasa. Alilelewa na mama Mombasa mpaka akiwa kijana, kisha akaajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki na kupangiwa Tanga. Wakati huo haikuwa shida. Jumuiya ilikuwa moja, mwajiri mmoja, na mtu aliweza kwenda Mombasa kumsalimia mama yake na kurudi kazini bila kujiona amevuka kitu. Mwezi wa Desemba mwaka 1976 akaenda kama kawaida. Alipoondoka, mama akamsindikiza mpaka Likoni. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mwaka huo huo Jumuiya ikavunjika, shirika likagawanywa, yeye akabaki upande wa Tanzania. Mpaka ulikuja kufunguliwa tena mwaka 1983. Mama yake alikuwa amefariki 1980, na habari zilimfikia siku ya arobaini ikiwa inakaribia.

Hayo yote yalikuwa kwenye mswada. Nilikuwa nimeyasoma, nimeweka vituo na mikato, nimehakiki miaka. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Maneno ya mama yalikuwa yametawanyika katika sura tano. Nilipokutana na "ndia" ndipo nikashtuka: ahaa, kumbe ni njia. Basi "ndoo" ile ni njoo. "Mato" ni macho. "Nti" ni nchi. Nikafuta swali langu la ndoo ya nini, na safari hii bila kutumia "badilisha zote", moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa, nikasanifisha. Ndia zikawa njia. Mato yakawa macho. Kwenye kivuko cha Likoni mama akasema vizuri kabisa: "Njoo hima, baba." Nikatuma faili pamoja na ankara. Kurasa 190 kwa shilingi 2,500, jumla 475,000, nusu ilikuwa imeshalipwa.

Siku nne baadaye akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kazi nimeiona. Umenisafishia sana, Mungu akulipe."

"Ahsante, mzee."

"Ila kuna mtu umemtoa humu ndani."

Nikafikiri nimefuta jina la ndugu kwa bahati mbaya. Nikafungua faili haraka haraka. "Nani, mzee? Nitamrudisha sasa hivi."

"Mama yangu."

Nilianza kujitetea. Nikamweleza habari za Kiswahili sanifu, kwamba kitabu kitasomwa na watu wa Mbeya na Mwanza ambao hawajui ndia ni nini, kwamba msomaji akikuta "ndoo" atadhani ni ndoo ya maji. Sikumwambia kwamba nilimjua msomaji wa namna hiyo kwa jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Njoo Tanga, tukae."

Nauli ilikuwa yangu. Nilijiambia naenda kwa sababu ya nusu ya malipo iliyobaki, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Nyumba yake iko Ngamiani. Tulikaa barazani, mke wake akaleta chai na mkate wa mofa, na mzee akaweka mezani kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona: madaftari sita aliyoandika kwa mkono. Mimi nilikuwa nimefanyia kazi faili lililochapwa na mjukuu wake. Sikuwahi kuuliza kama kuna asili.

Akafungua daftari la nne, ukurasa wa Likoni. Mwandiko mzuri wa kikarani, umeinama kidogo kulia. Na pale kwenye maneno ya mama alikuwa ameandika kwanza "Njoo", akaikata kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika "Ndoo".

Nilikaa nikiangalia mstari ule. Mzee akaeleza. Maisha yake yote ya kazi aliandika ripoti, na ripoti hazikubali ndia wala mato. Alipoanza kuandika habari za mama, mkono ukawa unaandika kikazi. Mama anafungua mdomo, anatoka mkuu wa stesheni. Akawa anasimama, anafumba macho, anamsikiliza tena, halafu anakata na kuandika upya. Kila ndoo na kila ndia kwenye kitabu kile ilikuwa imetafutwa. Mimi nilichofanya ni kumrudishia alipoanzia.

"Sauti yake sina," akasema. "Hakuna kanda. Picha ipo moja. Hilo neno ndilo lililobaki, na ndilo la mwisho alilonambia."

Sikuwa na la kujibu. Nilikumbuka chuo, tulivyosoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika gerezani na yakachapishwa 1973, Kimvita kitupu. Hakuna mwanafunzi aliyenyoosha mkono kusema mshairi amekosea. Tuliandika kwenye insha zetu kwamba lahaja inaleta ladha, inaleta uhalisi, tukapata alama. Lakini neno lile lile la Mombasa lilipokuja kwangu ndani ya nathari, kutoka kwa karani mstaafu asiyejulikana, nililiita kosa la uchapaji. Yaani tofauti ya lahaja na kosa, kwangu, ilikuwa ni jina lililoko kwenye jalada.

Kuna jambo jingine nilimwambia mzee jioni ile, naye akacheka sana. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika Mombasa. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na vitabu vya shule vikawa vinapita mbele yake kukaguliwa lugha. Sisi wahariri wa leo, tukubali tusikubali, ni wajukuu wa kamati ile. "Kumbe," akasema mzee, "walikuja kumnyang'anya mlangoni kwake."

Sitaki nieleweke vibaya. Sijageuka mtu wa kusema kila kitu kibaki kilivyo. Bila usanifu mimi wa Tarime na yeye wa Mombasa tusingeweza hata kukaa baraza moja na kitabu. Na mwandishi anayesema "huo ndio mtindo wangu" mara nyingi anaficha uvivu, nimeshawaona. Tulikaa siku mbili, tukasoma mswada mzima kwa sauti, kurasa kwa zamu. Mahali mzee alipoandika masaa kwenye maelezo yake mwenyewe, nilibishana naye na nikashinda. Mahali mjukuu alipochapa "hapana" badala ya "hapa na", tulirekebisha. Kuna aya nzima kuhusu mgawanyo wa mabehewa ambayo nilimwomba aifute, akanuna, akaifuta. Lakini mama alipoongea hatukugusa. Hata tulipokuta sehemu mbili ambazo mkono wa kikarani ulikuwa umemshinda, ameandika "njia" na hakuikata, tuliziacha kwanza, akalala nazo, na asubuhi akaniambia nibadilishe moja. Ya pili, alisema, mama alikuwa anaongea na askari, na kwa askari alikuwa akisema kibara.

Tulipishana kwenye jambo moja tu. Mimi nilitaka tanbihi. Mstari mmoja chini ya ukurasa wa kwanza mama anapoongea: ndoo ni njoo, ndia ni njia, basi. Mzee akakataa kata kata. "Mtu akikutana na mama yangu njiani, alikuwa hana karatasi chini ya miguu. Ulikuwa unamsikiliza mpaka unamwelewa." Nikasema msomaji si mgeni wa njiani, ameshatoa pesa yake. Akasema basi asome mara mbili. Kitabu ni chake, fedha ya uchapaji ni yake. Nikanyamaza.

Namba ya ISBN tuliipata kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba, kurasa zikapangwa Dar, prufu nikaisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisoma ukurasa wa 112 nikiwa nimeweka rula chini ya kila mstari, kwa sababu mpanga kurasa naye, kijana mwenye nia njema, alikuwa ameshaweka "njoo". Nikairudisha. Nakala 300 zikatoka. Siku mbili za Tanga na wiki nzima ya marekebisho sikulipwa, na sikudai. Mzee aliongeza elfu hamsini "ya soda". Nilipokea.

Kuna kitu kimoja kimebadilika katika kazi yangu. Sasa kabla sijafungua faili la mtu, nampigia simu na kumuuliza alilelewa na nani, wapi, na kama aliandika kwa mkono kwanza. Wengine wanashangaa. Mmoja aliniuliza kama namfanyia upelelezi. Na nilipokwenda nyumbani Tarime mwezi wa kumi na mbili, mama aliita kutoka jikoni, "Chakura kiko tayari, njoo ure," na kwa mara ya kwanza tangu nijifundishe l bafuni, mkono wa kichwani mwangu haukusahihisha.

Mwezi uliopita nilipata ujumbe wa simu kutoka namba nisiyoijua. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, ndivyo alivyojitambulisha, alikuwa amenunua kitabu cha mzee. Alinitumia picha ya ukurasa wa 112. Neno "Ndoo" limezungushiwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika "Njoo!", na chini ya picha akauliza, kwa heshima zote: "Hivi kitabu hiki kilihaririwa?"

Nikamjibu kwamba kilihaririwa na mimi, na nikamweleza habari yote, kivuko, mpaka, daftari. Ujumbe ukawa mrefu kuliko nilivyokusudia. Akakaa kimya karibu saa nzima. Kisha akajibu: "Nimeelewa, dada. Nimerudia kuusoma ukurasa huo. Lakini mngeweka tanbihi."

Nilimpigia mzee nikamsomea. Akaniuliza, "Amesema ameusoma mara ngapi?"

"Mara mbili, mzee."

"Basi," akasema.

Mimi bado nadhani mwalimu ana hoja.